Kizibo Nilichokikaza

Jumatatu, 8 Juni 1959

Nimeosha chupa arobaini kabla ya saa nne. Maji ya Nakuru huacha ukungu mweupe kwenye kioo, lazima nisuuze mara mbili. Mikono imekauka kama ngozi ya mbuzi. Lori limeleta ile baridi kutoka Nairobi. Naitrojeni. Ukiitazama utadhani ni maji. Ukiimwaga sakafuni inakimbia huku na huku, inatoweka, unabaki moshi. Daktari wetu wa mifugo, Mzungu, anagandishia humo mbegu za madume ya ng'ombe, ili mfugaji wa Molo apate ndama bila dume kutoka zizini. Mama mkwe akiniuliza kazi yangu, najibu naosha chupa. Hayo mengine siwezi kumtamkia yule mama.

Msimamizi wa chumba cha baridi ni Koech. Mpole mpaka anakera. Msaidizi wake amehamishiwa Naivasha, kwa hiyo kuanzia kesho nitamsaidia kumimina. Nimefurahi. Nimejifanya sijali.

Jumanne, 9 Juni

Mafunzo. Glavu za ngozi ziwe kubwa, zisibane, tone likiingia uzitupe mara moja. Mimina polepole, maana chupa yenye joto hupasuka. Madirisha yawe wazi hata kama tunatetemeka, kwa sababu ule moshi hufukuza hewa na mtu huanguka bila kujua limempata nini. Mdomoni mwa chupa, pamba tu, tena legelege. Moshi lazima upate pa kutokea.

Nimeitikia yote. Nusu ya akili ilikuwa kwenye mikono yake. Nina miaka thelathini na nne, mjane, mama wa mtoto, na nimekaa kuangalia mikono ya mtu kama kasichana ka shule. Aibu gani hii.

Miwani ya kukinga macho ni moja tu. Amenivisha mimi. Amefunga mpira kisogoni taratibu, asinivute nywele.

Jumatano, 10 Juni

Mvua. Koech amekula ugali wangu mchana. Akasema mboga ina chumvi nyingi. Mtu hana adabu! Amemaliza yote.

Alhamisi, 11 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi Daktari alituambia chupa ile ndogo ndiyo yenye baridi ya mwisho mpaka lori la Jumatatu. Ndani mlikuwa na mbegu za dume aliyekufa mwezi uliopita. Koech ndiye aliyemlea yule dume tangu ndama. Basi Koech akaitwa langoni, nikabaki nayo peke yangu. Ikawa inafuka, inafuka. Nikaona inaisha mbele ya macho yangu. Nyumbani thamosi ya chai ikifuka unafanya nini? Unaziba. Nikatoa pamba, nikatia kizibo cha mpira, nikakikandamiza kwa kiganja. Kikataka kuruka. Nikakifunga kwa uzi wa katani, ule wa vifurushi, mafundo matatu. Moshi ukakoma. Nikajisifu, jamani. Nikarudi kwenye sinki.

Koech alirudi baada ya nusu saa. Akaiona. Hakupiga kelele. Alinishika mabega, akanisukuma nje ya mlango, akarudi ndani kwenda kukata uzi. Mlipuko niliusikia nikiwa chini kwenye nyasi. Nilipoingia vioo vilikuwa kila mahali. Koech amekaa sakafuni, mikono usoni, damu inapita katikati ya vidole. Miwani ilikuwa bado kichwani mwangu.

Ijumaa, 12 Juni

Hospitali. Macho yote mawili yamefungwa bandeji. Wanasema tusubiri mpaka Jumanne ndipo watajua kama ataona.

Daktari wetu alikwenda kumwuliza ni nani aliyeziba chupa. Koech akasema ni yeye, alisahau. Miaka kumi na moja hajasahau hata dirisha, na Daktari ameamini! Anasema Koech akipona asirudi kazini. Alikuwa akimwambia karani, mimi nimesimama hapo hapo na ndoo mkononi. Nikanyamaza. Nikisema ni mimi, kazi inakwenda, na nyumba ya kazini inakwenda nayo. Ruth wangu ana miaka saba, nitamlaza wapi? Nimepiga deki sakafu ambayo ilikuwa safi tayari.

Mimi ni mwoga. Najichukia.

Jumapili, 14 Juni

Kanisani sikuimba. Baadaye nimempelekea Koech uji, nikamlisha kwa kijiko. Alinijua kabla sijafungua mdomo, eti naburuta viatu.

Nikamwambia: "Koech, ni mimi niliyeziba."

"Najua, Mama Ruth. Ni nani mwingine anafunga chupa kama anafunga kuku wa sokoni?"

Nikamwuliza kwa nini basi alidanganya. Akasema mimi nina mtoto. Hasira ilinipanda, nikamwuliza nani amekuomba? Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Halafu nikalia, machozi yakaingia kwenye uji wake. Akanyoosha mkono kunitafuta, akakosea, akashika bakuli. Akaliachia, akatafuta tena mpaka akanipata.

Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwenda kwa Daktari hata kabla ya kuvua koti. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Alitaka kujua kama nilikuwa nimefundishwa. Nikajibu nilifundishwa vizuri sana, kosa ni langu. Alichezea kalamu. Koech atabaki na kazi yake. Mimi nimefukuzwa, na nyumba nitoke mwisho wa mwezi. Tutakwenda kwa dada yangu Gilgil. Ana chumba kimoja na maneno mengi.

Kabla ya kuondoka nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha baridi, kwa herufi kubwa: PAMBA TU. USIZIBE. SI CHAI HII. Hakuna aliyenizuia.

Njiani nilijiona mwepesi. Kisha nikakumbuka kesho ni Jumanne.

Jumanne, 16 Juni

Jicho la kulia linaona. La kushoto limekwenda.

Nilikuwa mlangoni walipofungua bandeji. Sikuthubutu kuingia. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ruth aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni moshi wa jiko, na jiko lenyewe sijaliwasha.

Jumamosi, 20 Juni

Sijakwenda kumwona. Ningemwambia nini? Pole haitoshi. Nimekunja mablanketi, nimefunga sufuria. Nimemfokea Ruth bure.

Jumapili, 28 Juni

Koech amekuja mwenyewe, saa tisa. Kovu linaanzia kwenye nyusi, kitambaa cheupe kimefunika jicho. Ruth alimtazama, akamwuliza kama inauma. Akasema kidogo, wakati wa baridi. Ruth akaridhika, akaenda kucheza.

Niliweka viti viwili uani, nikakaa kushoto kwake. Nikachoma mahindi. Aliuliza treni ya Gilgil Jumapili inapita saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza ya kurudi. Nikamwambia pia.

Hindi likiwa nusu, akainuka, akabeba kiti chake, akazunguka mbele yangu na kukiweka upande wangu wa pili. Nikamwuliza kama jua lilikuwa linamchoma. Akasema hapana, alipokuwa amekaa alikuwa hanioni.

Tulikaa hivyo mpaka Ruth akaja kudai hindi lake.