Mteja Anataka Spika Pamoja na Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba msaada maana hapa nyumbani hapakaliki, mimi ni fundi wa spika za kifahari, ila zangu hazina boksi, ni ubao mmoja tu na mgongo uko wazi, sauti inatoka mbele na nyuma, na wateja wakija wanafumba macho, machozi yanawatoka, kisha wanafumbua na kuuliza, "Fundi, boksi liko wapi?", mmoja hata aliniambia nimpigie simu nikizimaliza, basi wote wanaishia dukani kununua zenye boksi, mpaka juzi daktari wa meno akazipenda, akanunua, kesho yake akazirudisha amenuna, eti kwake zinalia kama bati, tukaziwasha sebuleni kwangu, tamu ajabu, tukatoa makochi, tukashusha mapazia, bado tamu, mara mama mkwe, ambaye hukaa nasi na alikuwa kwenye kona, akainuka na mablanketi yake kwenda kunywa maji, bati! akarudi kuketi kwenye kona yake na mablanketi anayoshona, tamu!

Kumbe mwangwi wote wa ukutani unamezwa na mama mkwe. Daktari akasema atachukua spika pamoja na mama, jioni tu, atamrudisha kwa gari, nami kwa furaha ya kuuza nikajibu hewala, mama naye akakubali upesi, akatoka hata viatu hajamaliza kuvaa, sasa mke wangu anasema nimemgawa mama yake kama waya wa ziada, nichague yeye au spika, nampenda sana mke wangu lakini huyu ndiye mteja wangu pekee, nifanyeje?

Fundi Mgongo Wazi

JIBU

Pole, fundi. Nimecheka, halafu nimekasirika. Masikio yako yanasikia mwangwi ukutani, lakini mke akilia chumbani huambulii kitu! Mkwe ni mtu wa heshima, haazimwi. Mkeo ana haki ya kufura.

Leo hii kamwombe radhi, kwa maneno, usimwekee muziki. Daktari mpelekee godoro kuukuu alisimamishe kwenye kona. Lisipofaa, mrudishie hela zake, muagane kwa amani.

Halafu, hebu niambie, mama alikimbilia nini huko? Labda ni kuulizwa tu: mtu anaulizwa "Mama, wimbo huu umeuonaje?" na mgeni kama daktari, anafurahi. Wewe umemkalisha kwenye kona muda wote huo, spika zako anazijua kuliko mteja yeyote, na hujawahi kumwuliza hata siku moja. Kamwulize, kisha ufunge mdomo akijibu. Na akisema weka boksi, mwanangu, weka boksi.