Utando wa Mama Mwingine

Wodi ya Watoto, Chumba cha Tatu,
Ijumaa, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Habari za huko mbali? Mgongo unaendeleaje, na ile miwani mpya umeizoea? Sisi tupo, tunapumua. Mimi siumwi, ila nimekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Watu wanasema nami, najibu, lakini hakuna kinachoniingia.

Ulishasikia kwamba Bonge wangu alivuta birika la chai likammwagikia kifuani. Daktari alimwekea utando mwembamba, mwepesi kama ganda la kitunguu. Unatoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua akakubali kulitoa. Huoshwa, hupimwa, hukaushwa, ukatunzwa kwenye pakiti. Kazi yake ni kufunika kidonda mpaka ngozi ya mtoto iote chini yake.

Hapo ndipo nilipoharibu. Bandeji ililegea, nikaona kingo zimekauka na kunyanyuka, nikadhani ni ngozi iliyokufa. Nikalowesha kitambaa, nikaubandua taratibu, nikautia kwenye beseni, najisifu moyoni kwamba sista atakuta mtoto msafi. Alipoingia alilitazama beseni, akasema polepole, "Mama Bonge, hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ilibaki pakiti moja tu, wakamwekea. Daktari alisema nayo isiposhika, watamkata ngozi ya pajani waipandikize kifuani. Siku sita nimekaa nimeikalia mikono yangu.

Leo asubuhi wamefungua bandeji. Umeshika, Mama Mdogo. Hakatwi mtu. Fundi cherehani anayemuuguza mjukuu wake kitanda cha pili akaniambia, "Kiraka cha mgeni kimemkaa vizuri kuliko gauni lolote nililowahi kushona." Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, kwa mdomo tu.

Niliuliza jina la yule mama nimshukuru, nikaambiwa hairuhusiwi. Basi nikamwambia sista, nikijaliwa mtoto mwingine, kondo langu nalo walichukue.

Mchana wameniruhusu kumpakata, mara ya kwanza tangu aungue. Nilingoja furaha, haikuja. Nilisikia uzito wake tu. Umenitosha.

Nisalimie Baba Mdogo na wale mapacha, uwaambie Bonge anawapungia mkono. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mama Bonge