Mrija wa Mama Mrundi

Mpwa wangu Deogratias,

Marahaba. Huku Kanazi tu wazima, mama yako kamaliza kupalilia.

Unasema ukikimbia mbio ndefu maji yanakucheza tumboni. Hapo umeuliza bingwa! Miaka ile ya wakimbizi tulishindana kutoka Kabanga hadi Ngara mjini, wenyeji na vijana wa kambini, zawadi mbuzi. Mbuzi huyo nilishamwahidi bibi yako. Niliongoza, pikipiki nikiziacha. Kumbe kibuyu kizima cha juisi ya ndizi nilichokunywa asubuhi kiliningoja mlimani. Nikatapika.

Kando ya barabara alikaa mama mkimbizi, Mrundi, na dumu la maji. Nikaomba kikombe. Akanipa mrija wa kunywea pombe.

"Mama, unanibania maji?"

"Ningekubania, ungepata mrija? Ukiyafakamia utayarudisha hapa hapa. Nyonya taratibu, mwanangu."

Nikanyonya kidogo kidogo, tumbo likanyamaza, nikaondoka mbio kama swala.

Nilimaliza wa pili. Mama yako akikwambia wa saba, usimsikilize. Aliyenipita karibu na mjini ni mtoto wa yule mama. Maji yale mama alikuwa amemletea yeye.

Mjomba wako,
Sylvester