Kisanduku cha Kebo na Saa ya Harusi

Ampisikina, Mahajanga
Mwezi wa Shaabani

Kwa mdogo wangu Mahamoud, Marodoka, Nosy Be,

Salamu nyingi zikukute umekaa, maana ukizisoma umesimama utaanguka. Goti lako linaendeleaje? Langu limegoma kabisa, siku hizi nasali kitini kama gavana. Mke wangu Charifa hajambo, ananigombeza kila siku, kwa hiyo najua bado niko hai. Barua yako niliipata. Uliandika kwamba mkeo Sittou uzeeni amegeuka bibi harusi, kila mara anapanda boti kwenda Nosy Komba kununua vitambaa vilivyodariziwa, kisha anavikunja na kuvifungia sandukuni. Nilicheka mpaka meno mawili yaliyobaki yakatikisika. Sasa sicheki.

Nakuandikia kwa maneno ya chuoni, yale tuliyochapiwa fimbo na mwalimu, kwa sababu Kifaransa na Kimalagasi kila mtu anasoma. Haya Sittou hayajui. Soma peke yako.

Mambo yalianza na kisanduku cha kebo. Binti yangu Hayrat alikileta nyumbani ili tuione dunia, na dunia yenyewe Charifa akaikalia: tamthilia asubuhi, tamthilia jioni, wanawake wanalia tu. Nami nikipata nafasi ya kutazama habari, maandishi yanapita mbio chini ya picha kama mbuzi aliyeona kisu. Unajua nasoma kwa kidole. Kidole kikifika, neno limeshaondoka. Hayrat akaniambia kuwa kompyuta yake inaweza kuikamata picha na kuisimamisha. Basi Charifa alipokwenda kwenye maulidi, nikachomoa nyaya za televisheni, nikaanza kuzisukuma nyuma ya kompyuta. Zikakataa. Hayrat akanicheka, akasema tundu lile linatema picha, halimezi. Lazima kuwe na kidude cha katikati, upande mmoja kinapokea nyaya za kisanduku, upande mwingine kinaingia kwenye kompyuta. Akakileta. Mimi mjuaji nikachomeka waya wa njano kwenye tundu jekundu, kompyuta ikanguruma kama ng'ombe anayekata roho, na kioo cheusi tii. Ningekuwa na akili ningeacha hapo hapo.

Hayrat akarekebisha, picha ikatokea. Kilikuwa kipindi cha watu wetu walioko Marseille. Mzee mmoja yuko kwenye cherehani, ameinama. Niliyajua mabega kabla ya uso, moja juu, moja chini. Nikamwambia Hayrat asimamishe. Akabonyeza, mzee akaganda mdomo wazi. Nikaweka kidole kwenye kioo nikasoma: Hamada, fundi cherehani, mzaliwa wa Mahajanga.

Ndiyo, Mahamoud. Hamada, mume wa kwanza wa Sittou. Yule aliyepotea mwaka wa fujo, watu wetu walipouawa humu mjini na waliosalia wakapakiwa melini. Tulimsomea hitima bila maiti, kwa ajili ya kofia yake tu iliyookotwa sokoni, na hakuna aliyekula pilau kunishinda. Sittou akamaliza eda, wenye elimu yao wakatoa ruhusa, ukamwoa, tukapiga picha.

Hayrat akamwachia aendelee. Mzee akasema huku anatabasamu kwamba Ramadhani ikiisha anakwenda Nosy Be kuichukua amana yake. Alipoulizwa ni amana gani, akacheka, akakata uzi kwa meno.

Nilimhurumia, mdogo wangu. Nilidhani maskini hajui atakachokikuta. Nikaomba nimwone tena. Hayrat akakirudisha kipindi nyuma, akakisimamisha, na safari hii macho yangu yakaenda ukutani, nyuma ya kichwa chake. Pametundikwa picha. Hayrat akaikuza. Sittou amekaa, amevaa nguo zake za harusi, na ubavuni pake hapana mtu. Pamepita mkasi. Ila aliyekata hakuweza kuuondoa mkono uliokuwa begani mwake bila kulikata bega, kwa hiyo mkono umebaki. Na mkono huo umevaa saa yangu, ile yenye kioo kilichopasuka, niliyokuazima siku ya harusi yenu ili ukweni wakuone tajiri.

Picha zile zilikuwa mbili. Yangu nimeifungua sasa hivi, iko, na wewe umo mzima na tabasamu lako la kijinga. Ya pili ni ile ambayo Sittou alikwambia imeliwa na mchwa.

Kipindi kitarudiwa. Usijisumbue kuzima televisheni ili Sittou asikione. Anayefichwa kitu katika nyumba hiyo si yeye. Wala usimpigie kelele. Fungua sanduku tu, uangalie kama vitambaa bado vimo.

Charifa anakusalimu, Hayrat anakubusu mkono. Salamu za kumpa Sittou sijui niziandike vipi, kwa hiyo nimeziacha. Na ile saa, ambayo mpaka leo hujairudisha, kaa nayo.

Kaka yako,
Tadjiddine