Chachu Katika Damu ya Mtoto

Hurlingham, 14 Oktoba 2006

Kaka Muema,

Huku tu wazima, na goti la mama limepoa. Sijasahau ulivyonicheka mbele ya wakwe: "Kavindu anasomea chachu, atatupikia mandazi."

Basi sikia. Hapa hospitalini mtoto wa siku kumi na tisa alikuwa na homa isiyosikia dawa. Tulipoiotesha damu yake maabara, ikaota chachu. Mkuu wangu wa maabara, anayeishi Kitisuru kwa matajiri na kujua kila kitu, akasema, "Huo ni uchafu wa hewani, tupa."

Nikakataa. Nikaomba damu nyingine mara tatu, na mara zote tatu ikaota ile ile. Daktari akabadilisha dawa, akampa ya kuua chachu.

Leo mtoto amenyonya mara nane kabla ya saa sita, nimehesabu. Mama yake analalamika chuchu zinamuuma, huku anacheka.

Dada yako anayengoja samahani,
Kavindu