Mto wa Mama Kati ya Mbao Mbili

Jumatatu, 7 Julai
Nimepiga msasa tena mbao mbili za mti wa mukima, za meza ya Mama. Ukungu haujaondoka Machakos, na asubuhi inaisha. Katikati nimeacha nafasi inayojipinda. Hapo ndipo nitamimina resini ya buluu, utomvu wa dukani unaoganda ukawa kama kioo. Mama alikulia kando ya mto ambao siku hizi hauna maji wala mchanga. Malori yalizoa yote. Sasa macho yake yanazimika, daktari hakuficha. Nataka auone mto wake umejaa, angalau mezani.

Jumatano, 9 Julai
Resini nzito kama asali. Baridi hii. Nilikoroga kikombe cha kujaribia, viputo vikakwama ndani. Nimekasirika.

Alhamisi, 10 Julai
Niliuweka mkebe kwenye beseni la maji moto. Resini ikalegea, ikateleza. Kwa furaha nikaichanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, ikiwa bado moto, ndoo nzima. Ikaanza kutoa moshi. Ikaganda kabla sijatoa mwiko. Mjinga mimi. Joto huilegeza, halafu huharakisha kuganda kwake.

Ijumaa, 11 Julai
Mikebe miwili imebaki. Mmoja ulikaa karakanani chini ya mabati tangu jua la Januari. Nimeupasha, haulegei. Resini yake imegeuka manjano. Hiyo si baridi, ni uzee. Nimeutupa.

Wa mwisho ulikuwa chumbani kwa Mama, penye ubaridi. Ulikuwa na chembe nyeupe kama sukari. Nikaupasha taratibu, zikayeyuka. Resini ikawa nyepesi kama maji!

"Unapika nini, Mwende?" Mama akauliza.

"Mto, mwaitu."

Akacheka. Kisha akaniambia niwashe taa. Ilikuwa mchana, dirisha wazi. Nimeogopa sana.

Jumamosi, 12 Julai
Nimesubiri resini iwe vuguvugu tu, ndipo nikatia hadena. Nimemimina tabaka jembamba. Buluu ilitembea kati ya mbao kama inayoijua njia. Nikasahau kula. Nilihisi nyayo zangu zimelowa.

Jumatatu, 14 Julai
Tabaka la pili. Hakuna kiputo. Sisemi kitu, nisije nikaiharibu.

Jumatano, 23 Julai
Tumeiweka meza uani, juani. Mama aliinama mpaka pua ikaigusa.

"Mbao sizioni," akasema. "Buluu naiona."

Akalaza shavu juu yake. Akaanza kunitajia majina ya wasichana aliokuwa akioga nao mtoni. Wengine sikuwahi kuwasikia. Nilikaa karibu naye nikisikiliza. Chai ikapoa.