Chai Bila Sukari

Panda, Likasi, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Orpha, mama yangu,

Salamu nyingi, binti yangu, kutoka nyumbani. Mimi ni mzima. Ni magoti tu yanayolalamika kwa baridi hii. Mjukuu wangu Glodie ameamkaje? Macho yake hayajawa ya manjano?

Habari zako nimezipata kwa Mama Suzanne, muuza makaa, wala si kwako. Anasema umepanda mlima wa maombi nyuma ya mtaa wa Kikula, simu umeiacha chini, na mtoto umekwenda naye. Mimi nilidhani mko kwa mume wako Stéphane, kule Kolwezi.

Sikukatazi kuomba. Mtoto ana SS, ugonjwa wa selimundu, nawe umelala naye hospitalini mara nyingi mno. Lakini nivumilie nikueleze, maana mwalimu anastaafu darasa, mdomo haustaafu. Damu ya mtoto wa SS ikikosa maji inakuwa nzito, inaziba mishipa, ndipo maumivu yanapoanza. Baridi inayazidisha. Hata wale watawa wa zamani waliokwenda kuishi jangwani walitafuta kisima kwanza, na mgeni akifika walivunja mfungo ili ale pamoja nao. Kujinyima ni kutoa kilicho chako. Kiu ya Glodie si yako.

Suzanne anakuletea blanketi, vidonge vya mtoto na bidoni ya maji. Mrudishe Glodie kwangu, wewe ubaki uombe.

Baba yako


Mulimani, tarehe 4 mwezi wa sita

Papa,

Jambo sana. Minye niko muzuri, mutoto naye iko muzuri, anaimba kupita bamama bote. Suzanne anasema Papa umekonda kutushinda siye tunaofunga! Kula, Papa.

Blanketi nimepokea, aksanti. Vidonge na maji nimerudisha. Usikasirike. Juu ya nini unashangaa? Ni weye ulinifundisha. Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa, ulimimina chai, ukasukuma kikopo cha sukari kando, ukasema: "Kule stesheni, mwaka 1993, Orpha alikuwa anakufa. Nikamwambia Mungu: nakuachia sukari, niachie mtoto." Na Mungu alikubali. Miaka makumi tatu na moja unakunywa chai ya uchungu, na minye niko hapa.

Sasa minye nitoe nini? Sukari ni kidogo sana kwa damu nzima. Nimetoa nywele, nimetoa kitanda, nimetoa simu. Mama Henriette, ule anatuongoza, anasema damu ya mutoto nayo inapashwa kuomba. Tarehe 7 tunaanza kufunga kavu: siku tatu bila chakula, bila maji. Glodie atafunga na siye. Siku tatu tu, Papa. Tutashuka naye amepona.

Mutoto wako, Orpha


Panda, tarehe 5 mwezi wa sita

Orpha,

Leo sina salamu ndefu. Nimetoka mlimani sasa hivi. Nilipanda kwa pikipiki, nikakuta kamba imefungwa kati ya miti miwili, na vijana wawili wanailinda. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umekula?" Nikasema nimekula muhogo. "Basi rudi. Hapa anapita anayefunga." Hivyo ndivyo nilivyo: siku niliyopaswa kudanganya nimesema kweli, na siku niliyopaswa kusema kweli nilidanganya. Keti nikuambie.

Hakukuwa na nadhiri. Sisi watu wa asili ya Kasai tulikuwa tumefukuzwa majumbani mwetu hapa Katanga, tukalala stesheni miezi tukingoja treni. Ulikuwa na miaka mitatu, unaharisha hadi macho yamezama. Muuguzi mmoja alinionyesha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nilikuwa na nusu kilo ya sukari, nimeifunga ndani ya karatasi ya daftari. Niliacha kutia sukari kwenye chai kwa sababu ilikuwa kidogo, basi. Sikumwambia Mungu neno lolote. Sukari niliyojinyima haikwenda mbinguni, Orpha. Ilikwenda kinywani mwako.

Utauliza kwa nini nilidanganya. Familia iliyolala kando yetu iliomba kuliko mimi, na kufunga walifunga. Walizika watoto wawili. Baba yao akaniuliza, "Benoît, wako amebaki kwa nini?" Niliona haya kumjibu kwamba nilikuwa na sukari na sikumgawia. Nikasema: nimeweka nadhiri. Chai ninayoinywa hadi leo ni ya wale wawili, si yako.

Mpe mtoto maji. Mpe kabla hujaikunja barua hii.

Baba yako


Panda, tarehe 8 mwezi wa sita

Orpha,

Suzanne hakuweza kupanda hadi jana, amerudi ameshika kichwa. Barua yangu haikukufikia. Anasema wakati wa kufunga kavu barua zote zinaingia ndani ya sanduku la Mama Henriette, zinagawiwa siku ya kumaliza. Hata hii itaingia humo humo, na bado naiandika.

Leo nimerudi kwenye kamba. Nikasema nimefunga. Wale vijana wakacheka: "Mzee wa muhogo huyo!" Nikaita jina la Glodie mpaka sauti ikakatika. Nimekwenda kwa polisi. Wameniambia nirudi Jumatatu.

Baba yako


Mulimani, tarehe 10 mwezi wa sita

Papa,

Barua zako mbili balinipatia leo asubuhi, baada ya maombi ya kumaliza.

Glodie alikufa jana.

Alianza kulilia maji tarehe 8. Nilimuambia, vumilia kidogo, mama, babu naye alivumilia. Akauliza, "Babu alikuwa na kiu?" Nikamuambia hapana, babu aliacha sukari tu. Akasema, "Basi minye naacha sukari. Munipe maji."

Sikumupa.

Batakuletea mwili leo. Umuzike weye. Minye sitashuka, sitaki hata kuona akifunikwa udongo. Tangu leo sili na sinywi, na mara hii siombi kitu.

Orpha


Panda, tarehe 12 mwezi wa sita

Orpha, mama yangu,

Tulimzika jana. Stéphane alifika kutoka Kolwezi na buti zake za mgodi, akasimama mpaka mwisho. Watu walinitazama mimi, kwa kuwa nimezoea kueleza mambo. Nikachukua sepetu, nikafukia.

Leo asubuhi nimetia sukari ndani ya chai, vijiko viwili. Ulimi umeikataa, lakini kikombe nimekimaliza. Miaka yote hii nilidhani najiadhibu peke yangu, kumbe kulikuwa na mtoto mezani ananitazama. Na hakuna hata mmoja wa wale wawili wa stesheni aliyeamka kwa ajili ya chai yangu. Nawe ukikauka huko juu, hakuna tone litakalomfikia Glodie.

Ndani ya barua hii kuna karatasi ya daftari imekunjwa: vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Suzanne ana chupa ya lita moja. Maji nimeyachemsha mimi mwenyewe. Sikuambii ushuke. Sikuombi unisamehe, maana hata mimi sijui kama ningeweza. Kunywa tu.

Nakwenda kukaa kwenye kamba. Nimebeba kiti cha jikoni. Wakiniuliza, nitawaambia nimekula.

Baba yako


Mulimani, tarehe 13

Papa,

Nakuona kwa mbali na kiti chako.

Nimekunywa nusu ya chupa. Nusu ingine ni ya Glodie, na sijue niiweke wapi.

Mutoto wako